Kadi za arusi: pima kwanza, nunua stempu baadaye

Jumamosi iliyopita jioni mpwa wangu, binti wa ndugu yangu, alinijia nyumbani akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na mifano mitatu ya kadi za arusi aliyopewa na mpiga chapa. Anaolewa Disemba, na kamati imempa kazi ya kuchagua kadi.

"Shangazi, nichagulie moja," akaniambia, huku akizipanga mezani kama mtu anayetandaza karata.

Ya kwanza ilikuwa ndogo na ya kawaida. Ya pili ilikuwa na maua pembeni. Ya tatu, ambayo macho yake hayakubanduka hapo, ilikuwa kubwa, nene, imefungwa utepe wa hariri, na ndani mna kadi nyingine ya majibu na karatasi yenye ramani ya kufikia ukumbi.

Sikusema neno. Nilikwenda jikoni nikaleta ile mizani ndogo ninayopimia unga wa keki. Binti akaangua kicheko.

"Shangazi, kadi si unga!"

"Weka," nikamwambia.

Akaiweka pamoja na bahasha yake. Mizani ikasoma gramu 36. Nikamweleza kwamba posta barua ya daraja la kwanza huishia gramu 20, na ikipita hapo hata kwa gramu moja hulipiwa ada ya daraja linalofuata. Akanitazama kama kwamba nimemwambia habari za enzi za Mwingereza.

"Na kwani ni lazima twende posta, Shangazi? Siku hizi si tunapiga picha ya kadi na kuituma kwa simu?"

Msomaji mpendwa, swali hilo ni la haki, na najua ndilo linaloulizwa katika nyumba nyingi wakati huu ambapo watu wanapanga arusi za likizo. Jibu langu ni refu kidogo. Lilianza mwaka 1996.

Mwaka tulipochelewa wiki moja

Mwaka huo ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye baba wa binti huyu, alikuwa akioa. Siku ilikuwa Jumamosi tarehe 14 Disemba. Mimi nilikuwa nikifanya kazi mjini Nairobi, karibu na posta, kwa hivyo kamati iliona kazi ya kutuma kadi inanifaa mimi. Kadi zilikuwa 180, na kati ya hizo 60 zilikuwa za kupitia posta.

Ili nisionekane mzembe, nilinunua stempu 60 za barua ya kawaida mapema, kabla hata kadi hazijatoka kwa mpiga chapa. Nilijivuna. Nikaandika kwenye daftari la kamati: "Stempu tayari."

Kadi zilitoka Jumatatu tarehe 18 Novemba. Zilipendeza. Lakini zilikuwa kubwa, za karatasi nzito, na bahasha zake zilikuwa kubwa vile vile. Siku ya pili nilizipeleka posta, na karani akaitia moja kwenye mizani.

"Dada, hii imezidi," akasema kwa upole. "Ni gramu 27. Zote zikiwa hivi, kila bahasha inahitaji stempu ya kuongezea."

Sikuwa na pesa hizo. Nikarudi nazo. Mweka hazina akanijibu kwamba fedha zote zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa keki, hema na lori la kubebea viti, na kwamba kamati hukutana Jumapili. Basi tukangoja Jumapili. Hapo watu walichanga, na Jumatatu tarehe 25 nikazituma zote 60. Wiki moja tu. Nani angedhani wiki moja ina neno?

Katika kadi hizo moja ilikuwa ya shangazi yetu mkubwa, dada yake baba, ambaye alikaa kijijini. Huyu ndiye aliyemlea ndugu yangu kwa miaka miwili wakati mama alipokuwa mgonjwa. Yeye, kama majirani zake wote, alipata barua zake kupitia sanduku la posta la shule ya msingi iliyokuwa karibu. Mwalimu mkuu alikuwa akifungua sanduku, barua zikipewa watoto wazipeleke nyumbani. Utaratibu huo haukuwahi kutuangusha.

Lakini Ijumaa ya wiki ile tuliyokuwa tukingoja kikao, shule ilifungwa kwa likizo ya Disemba. Mwalimu mkuu akaenda kwao. Kadi ya shangazi ilifika posta, ikatiwa katika sanduku, ikalala humo.

Siku ya arusi kiti chake kilikuwa kitupu. Watu waliuliza, "Shangazi yuko wapi?" Baba alijua kadi imetumwa, akafikiri dada yake amekasirika kwa jambo fulani. Shangazi naye alikuwa amesikia habari za arusi sokoni kutoka kwa watu wengine, akangoja mwaliko, usije. Akaamua kwamba watoto aliowalea, sasa wakiwa watu wa mjini, wanamwonea haya.

Januari shule ilipofunguliwa, mtoto mmoja alimpelekea kadi yake. Tulipokwenda kumwomba radhi, tukiwa na leso na sukari, tuliikuta ameiweka ndani ya kabati la vioo, imesimama wima.

"Mmenialika vizuri, wanangu," akatuambia. "Lakini mmenialika Januari kwa arusi ya Disemba."

Alitusamehe. Aliishi miaka mingi baadaye na alimpenda mke wa ndugu yangu kama bintiye. Lakini katika albamu ya arusi ile hayumo katika picha hata moja, na hakuna msamaha unaoweza kumtia humo.

Ndiyo maana nilileta mizani.

Gramu hutoka wapi?

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, chukueni kalamu, kwa maana hii ni hesabu ya darasani inayofaa nyumbani.

Karatasi huuzwa kwa uzito wa mita mraba moja. Ukisikia mpiga chapa akisema "karatasi ya gramu 80," maana yake ni kwamba kipande cha mita mraba moja kina uzito wa gramu 80. Karatasi 16 za ukubwa wa A4 hufanya mita mraba moja. Kwa hivyo karatasi moja ya A4 ya kawaida ni 80 kugawanya kwa 16, yaani gramu 5.

Kadi nyingi za arusi hupigwa chapa kwenye karatasi ngumu ya takriban gramu 300. Gawanya kwa 16: A4 moja ni karibu gramu 19. Nusu yake, A5, ni gramu 9 na nusu hivi. Robo yake, A6, ni chini kidogo ya gramu 5.

Sasa tazama kadi aliyoipenda mpwa wangu. Ukiikunjua ni A4 nzima: gramu 19. Bahasha yake kubwa ni kama gramu 8. Hapo tayari ni gramu 27, sawasawa na zile zetu za mwaka 1996. Ongeza kadi ya majibu, gramu 5 kasoro. Ongeza ramani kwenye nusu karatasi ya kawaida, gramu 2 na nusu. Ongeza utepe na fundo lake. Unafika 36.

Chukua sasa kadi ndogo, ambayo ukiikunjua ni A5. Gramu 9 na nusu. Bahasha yake ndogo ni kama gramu 4. Jumla gramu 13 na nusu. Ukitaka kutia kadi ya majibu, unafika 18 na kitu, na bado uko salama. Lakini ukitia na ramani juu yake, unavuka 20! Karatasi moja nyepesi ya ramani inakulipisha daraja la juu kwa kila bahasha. Dawa yake ni rahisi: piga chapa ramani nyuma ya kadi yenyewe, au acha kadi ya majibu na uandike nambari mbili za simu za kujibia. Haba na haba hujaza kibaba, na gramu nazo ni vivyo hivyo.

Utepe na maua ya kubandika yana ubaya mwingine. Bahasha huvimba katikati, na mhuri wa posta ukigongwa juu ya fundo huenda ukaichana. Kama ni lazima pawe na utepe, utie kwenye kadi zitakazopelekwa kwa mkono. Hizo hazina mizani.

Ukubwa nao una mipaka yake. Posta za dunia zimekubaliana kwamba bahasha isiwe ndogo kuliko milimita 90 kwa 140. Kwa hivyo vile vibahasha vidogo vya kupendeza, vya kufungia kadi za zawadi, visitumiwe kwa posta hata kama vina wepesi wa unyoya.

Usimlipishe mgeni wako

Wengine husema, "Nitabandika stempu moja tu, itafika." Pengine itafika, lakini itafikaje?

Barua iliyopungukiwa na stempu hugongwa herufi T, ambayo ni ya neno la Kifaransa lenye maana ya ada au kodi, kwa sababu Kifaransa ni lugha ya Muungano wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake Bern, Uswisi. Aliyeandikiwa hutakiwa kulipa kilichopungua na nyongeza juu yake ndipo apewe barua. Asipolipa, hurudishwa kwa mwenyewe, ikiwa jina lake limeandikwa nyuma.

Hebu fikiria mzee ametoka nyumbani kwa nauli yake, amefika kaunta, anaambiwa alipe ili aone kwamba amealikwa. Huo si mwaliko, ni bili.

Zamani mambo yalikuwa hivyo hasa. Uingereza, kabla ya mwaka 1840, aliyelipa kwa kawaida alikuwa mpokeaji, na bei ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Mwalimu mmoja aitwaye Rowland Hill ndiye aliyeshauri kwamba mtumaji alipe mbele, kwa uzito, bei moja nchi nzima. Mwezi wa Mei mwaka 1840 stempu ya kwanza ilitoka, ya senti moja ya Kiingereza, nyeusi, yenye picha ya Malkia Victoria. Tangu hapo adabu ya barua imekuwa hiyo: mwenye kuandika ndiye mwenye kulipa.

Gawa orodha kabla ya kuchapa

Kosa kubwa la kamati nyingi ni kuhesabu watu badala ya nyumba. Wageni 240 hawahitaji kadi 240. Mume, mke na watoto hupata kadi moja. Mpwa wangu nami tuliketi na orodha yake ya watu 240, tukapata nyumba 110 tu. Kisha tukazigawa mafungu manne:

Kadi 50 ni za kupeleka kwa mkono: kanisani, kazini, mtaani na kwa jamaa walio hapa mjini.

Kadi 15 ni za kupewa wasafiri tunaowajua, watakaokwenda nyumbani wikendi au kwenye vikao vya familia.

Kadi 38 ni za posta ya humu nchini.

Kadi 7 ni za ng'ambo, kwa jamaa walioko Uingereza, Marekani na Ghuba.

Jumla ni 110. Tukaongeza 10 za akiba kwa ajili ya majina yatakayosahauliwa, kwa maana hayakosi, na bahasha zitakazoharibika kwa mwandiko mbaya. Mpiga chapa akaambiwa 120. Awali kamati ilikuwa imetaja 250. Fedha zilizobaki zinatosha stempu zote na chai ya wale watakaoandika bahasha.

Hesabu ya stempu sasa haina ugumu. Kadi 38 mara ada ya humu nchini kwa uzito wako, jumlisha kadi 7 mara ada ya ndege kwa nchi zinakokwenda, jumlisha stempu tano za akiba. Bei sikuandikii hapa, kwa kuwa ada hubadilika na ni vizuri kuipata kaunta siku unayonunua. Lakini kanuni haibadiliki: mwombe mpiga chapa akupe kadi moja iliyokamilika, na bahasha yake, na kila kitakachokuwa ndani. Ipeleke posta ipimwe. Ndipo uandike bajeti, na ndipo uagize nyingine zote. Ukigundua imezidi, bado una nafasi ya kubadilisha karatasi. Mimi niligundua wakati chapa ilikuwa imekwisha kukauka.

Tena usisahau kwamba stempu ya Kenya haina kazi Leicester wala Dubai. Ukitia bahasha ya majibu yenye stempu yetu ndani ya kadi ya ng'ambo, umepoteza stempu na gramu pia. Walioko nje waandikie nambari ya simu.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma

Anza na siku ya arusi, kisha rudi nyuma. Lakini kwanza hakikisha siku yenyewe ni siku. Usichape kabla ya kuthibitisha tarehe kanisani, msikitini au kwa msajili. Kwa ndoa ya serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka notisi itolewe angalau siku 21 kabla, na isizidi miezi mitatu. Kadi zenye tarehe iliyokatwa kwa kalamu huwatia wageni wasiwasi.

Kadi za ng'ambo zitume wiki nane kabla. Hawa wanahitaji kuomba likizo na kutafuta tikiti, na barua yenyewe ina safari ndefu. Za humu nchini zitume wiki tano au sita kabla. Huenda barua ikachukua siku chache tu kufika katika posta ya mji, lakini kufika posta si kufika mkononi. Wako watu wanaofungua sanduku lao mara moja kwa mwezi.

Na hapa ndipo ningependa uweke alama ya wino mwekundu. Arusi zetu nyingi hufanywa Aprili, Agosti na Disemba, kwa sababu watoto wako nyumbani. Miezi hiyo hiyo ndiyo masanduku ya shule hayafunguliwi. Kwa hivyo pitia orodha yako, na kila anwani iliyo ya shule, chuo au idara inayofunga, ipigie mstari. Kadi hizo zifike wiki mbili kabla ya kufunga, la sivyo zisiende kwa posta kabisa. Arusi ya Disemba, basi, kadi ya kwenda shuleni itoke mapema Oktoba.

Anwani nayo ni nusu ya safari

Nchini kwetu hakuna tarishi wa kubisha hodi kila nyumba. Barua huenda sandukuni. Kwa hivyo jina la mtaa na rangi ya lango havisaidii. Nambari ya sanduku na kodi ya posta ndiyo mambo. Andika jina, kisha jina la shule au kampuni kama sanduku ni lake, kisha S.L.P. na nambari, kisha kodi na mji: 80100 Mombasa, 40100 Kisumu, 20100 Nakuru, 30100 Eldoret.

Nairobi ina kodi nyingi, na hapa wengi hupotea. Sanduku nambari fulani la 00100, yaani Posta Kuu, si sanduku hilo hilo la 00200, City Square. Ukikosea kodi, mwaliko wako utasomwa na fundi wa magari usiyemjua, naye huenda akaja.

Hakikisha pia kwamba sanduku bado li hai. Sanduku hukodishwa kwa mwaka, na lisipolipiwa hufungwa. Tangu simu za mkononi zienee, watu wengi wameacha masanduku yao bila kumwambia mtu. Daftari la anwani la baba la miaka ya tisini ni kumbukumbu nzuri, si mwongozo. Piga simu uulize: "Mzee, bado mnatumia lile sanduku la zamani?" Posta pia ina huduma iitwayo MPost, ambayo huifanya nambari ya simu kuwa anwani, na mwenyewe huletewa ujumbe mfupi barua inapofika. Huenda mjomba wako anaitumia, nawe hujui.

Kwa kadi chache za watu wakubwa, kama vile mgeni wa heshima, waweza kutuma kwa rejista. Utapewa risiti yenye nambari, na mpokeaji atatia sahihi. Lakini usimtumie kwa rejista bibi anayetumia sanduku la shule, kwa kuwa itambidi aende posta mwenyewe na kitambulisho chake. Heshima isigeuke kuwa adhabu.

Andika jina na anwani yako nyuma ya kila bahasha. Kadi iliyorudi ni habari: imekuambia mtu huyu hajaalikwa bado.

Basi simu ina kazi gani?

Nimerudi kwa swali la mpwa wangu. Sina ugomvi na simu. Marafiki zake wa chuo watapata picha ya kadi na watafurahi, wala hakuna haja ya stempu kwao. Simu ina kazi nyingine kubwa zaidi: kuuliza. Wiki tatu baada ya kutuma kadi, mpigie kila aliyetumiwa. "Je, umeipata?" Kama simu ingekuwapo kijijini mwaka 1996, shangazi asingengoja.

Lakini tusidanganyane. Picha ya simu hufika kwa wote kwa mara moja, pamoja na watu 200 wengine katika kundi, na mzee akiiona hujiuliza kama ameambiwa yeye au ameona tu. Kadi yenye jina lake kwenye bahasha haina swali hilo. Huwekwa kabatini. Huonyeshwa majirani. Na kwa wazee wa karibu kabisa, hata kadi haitoshi. Pwani mpaka leo wako wanawake wanaotumwa nyumba kwa nyumba kualika kwa mdomo, na bara nasi tulikuwa na wajumbe wetu. Kosa letu halikuwa stempu peke yake. Tulimwachia mwalimu mkuu na sanduku kazi ambayo mmoja wetu angepaswa kupanda matatu na kuifanya.

Nilipomaliza kusimulia, mpwa wangu hakucheka tena. Alikwenda kwenye rafu, akatoa albamu ya arusi ya wazazi wake, akaipekua polepole kurasa zote, kisha akaanza tena mwanzo.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Siku zote nilidhani ni yeye aliyekuwa akipiga picha."

Akairudisha ile kadi kubwa katika bahasha ya kaki, akaacha ndogo mezani. Akaiweka kwenye mizani: gramu 13. Halafu akachukua orodha, akaanza kutafuta anwani zote za shule. Tulizipata tisa. Saba tutazituma wiki hii. Mbili ni za ndugu wawili wa marehemu babu yake, ambao sasa hawasikii vizuri hata kwa simu. Hizo hatutazituma. Jumapili ya mwisho wa mwezi yeye na mchumba wake watapanda gari wazipeleke wenyewe, na mimi nitakuwa kiti cha nyuma, na sukari mapajani.

Nawe msomaji, kama una arusi nyumbani mwaka huu, toa mizani jikoni leo kabla hujala chakula cha mchana. Hadi Jumapili ijayo, nawatakia arusi njema na bahasha nyepesi.